Owino Uhuru: Pesa Sawa, Lakini Udongo Je?

Kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, mnaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi 2007, kikafungwa 2014, na kuwaachia majirani sumu ya risasi mwilini. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha fidia ya Sh1.3 bilioni. Poa sana. Lakini doo haisafishi udongo.

Hukumu ya kwanza, ya 2020, iliagiza pia udongo na maji visafishwe. Hapo ndipo tunapaswa kukaa macho.

Risasi haiozi. Iko kwenye vumbi na huioni. Ikiwa kwenye maji, kuyachemsha hakusaidii kitu. Kwa hivyo lori likija, likazoa udongo wa juu na wakubwa wakapiga picha, bado hatujui lolote. Sampuli zichukuliwe kando ya ukuta wa kiwanda na mbali nao, juu na chini zaidi, na kwenye visima pia. Zipelekwe maabara kabla ya kusafisha na tena baadaye. Bila kipimo cha kwanza, cha pili utakilinganisha na nini?

Kisha majibu yabandikwe mtaani, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Kuna watoto wanaocheza pale leo ambao hawakuwa wamezaliwa kiwanda kikifungwa. Wao pia hulamba vidole.

Wasee wa Mombasa, daini fidia, na mdai karatasi ya maabara.