Falme za Bara na Dola za Kiislamu: Historia Moja

Vitabu vingi vya historia ya Afrika kabla ya ukoloni huziweka falme za wenyeji katika sura moja na dola za Kiislamu katika sura nyingine, kana kwamba hizi za pili zilikuja zikiwa zimekamilika kutoka ng'ambo. Msimamo wa toleo hili ni kwamba mgawanyo huo hauna ushahidi wa kutosha, na kwamba kwa sehemu kubwa umerithiwa kutoka kwa waandishi wa zama za ukoloni, ambao kila walipokuta magofu ya mawe, yawe ya Kilwa, mji wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, au ya Zimbabwe Kuu, walitafuta mgeni wa kumpa sifa ya kuyajenga.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika sarafu. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane, na ambaye msafiri Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu baada ya kufika Kilwa mwaka 1331, alipiga sarafu za shaba zenye jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mola upande wa pili, pande hizo mbili zikiwa zimetungwa kwa vina. Sarafu moja yenye jina lake ilipatikana Zimbabwe Kuu, mji wa bara ambao watawala wake hawakuwa Waislamu. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe iliteremka hadi bandari ya Sofala, ambako Kilwa ilijipatia sehemu kubwa ya utajiri wake, na kutoka pwani zikapanda shanga za kioo na vyombo vya China. Kwa hiyo fahari ya Husuni Kubwa haielezeki bila wachimbaji wa bara na wafalme wao.

Afrika Magharibi nako hali ilikuwa hiyo hiyo: al-Bakri wa Andalusia, aliyeandika mwaka 1068 kwa kutegemea habari za wasafiri, anaeleza kwamba mfalme wa Ghana ya kale hakuwa Mwislamu, lakini mtunza hazina wake na wengi wa mawaziri wake walikuwa Waislamu.

Wanaopinga hutaja Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha nasaba na matukio kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kinachodai kwamba mji uliasisiwa na watu wa Shirazi, huko Uajemi. Dai hilo lisipuuzwe, kwa sababu utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 umethibitisha kuwa baadhi ya watu waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiajemi pamoja na ya Kiafrika. Hata hivyo, kuchanganya damu si kuasisi mji: huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walifukua misikiti midogo ya miti ya karne ya 8, katikati ya makazi ambayo vyungu vyake vingi vilifinyangwa papo hapo pwani.

Walimu wa historia wanaombwa kuifundisha Kilwa na Zimbabwe Kuu katika kipindi kimoja, na watafiti wenye hoja za kupinga msimamo huu wanakaribishwa kuziandika kwa ajili ya toleo lijalo.