Furaha Si Uzururaji

Hoja ninayoileta leo ilizaliwa katika kikao nilichochelewa kwa dakika saba. Kosa la kuchelewa ni langu, nami nalikiri kabla sijamlaumu mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Jumanne asubuhi hapa Mwanza, kando ya ziwa, nikitembea kwa miguu kutoka Kamanga kuelekea upande wa Capri Point kwenye kikao cha kamati moja ambayo jina lake nalihifadhi. Katikati ya kuta mbili palikuwa na uchochoro unaoteremka hadi majini, na hapo walikuwa wamesimama watu wanne: kijana wa bodaboda juu ya pikipiki yake, mlinzi wa ghala la jirani, mzee mmoja mwenye baiskeli, na mama mwenye beseni la sato kichwani. Walikuwa wakimtazama mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe ambaye hupiga mbawa mahali pamoja juu ya maji, kisha hujitupa kichwakichwa kama jiwe. Alijitupa, akaibuka mtupu. Akapanda, akajitupa tena, akaibuka mtupu.

"Huyu hana shabaha," alisema yule mama. "Angekuwa mume wangu tungelala njaa."

Tukacheka. Nasema tukacheka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusimama, begi la kompyuta begani. Kijana wa bodaboda akaweka dau la soda kwamba mara ya tatu atapata, mlinzi akalipokea. Mara ya tatu ndege akakosa. Mama akasema barafu inayeyuka na wateja wanamngoja, akaondoka, na alipofika hatua ishirini hivi akapaza sauti bila kugeuka: "Akipata mniite!" Mara ya nne mdiria aliibuka na kisamaki kinachometameta mdomoni, na wanaume wanne, mmoja wao mhadhiri wa chuo kikuu, wakapiga kelele kwa pamoja: "Mama, amepata!" Yule mama aliinua mkono mmoja juu, mwingine ukishika beseni, akaendelea na safari yake.

Kikaoni, mwenyekiti aliniuliza sababu ya kuchelewa. Ningeweza kuisingizia daladala kama tufanyavyo wote. Nilisema kweli. Wajumbe walicheka, kicheko cha namna nyingine kabisa na kile cha uchochoroni, na mwenyekiti akahitimisha: "Daktari, nchi haijengwi kwa kutazama ndege." Kikao kikaendelea hadi saa nane mchana. Kati ya ajenda tano, tatu ziliahirishwa.

Sina ugomvi na mwenyekiti huyo kama mtu. Ugomvi wangu ni na sentensi yake, maana ina ukoo mrefu na inakaa katika vichwa vya watu wengi wenye mamlaka ya kupanga siku za wenzao. Inadai kwamba muda wa mtu wa kawaida ni mali ya ujenzi wa taifa, na kwamba dakika yoyote anayosimama bila shughuli inayoonekana ni dakika iliyoibwa.

Tuanze na ukoo wake. Katika Kanuni za Adhabu tulizorithi kwa Mwingereza, Sura ya 16, vifungu vya 176 na 177 vilimfanya mtu aliyesimama mahali bila sababu ya kumridhisha askari awe mshukiwa wa kosa la uzururaji. Asili ya fikra hiyo ni Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwaondoa maskini na askari waliorudi vitani katika mitaa ya miji ya Kiingereza. Ilivuka bahari pamoja na dola, ikatumika kumwuliza Mwafrika mjini: unafanya nini hapa, na nani kakuruhusu? Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayoketi Arusha, si mbali nasi, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Lakini mtazamo haufutwi na mahakama. Tumewasikia viongozi wetu wakipiga marufuku mchezo wa pool saa za kazi, wakiwafukuza wacheza bao chini ya miembe na kuwahesabu vijana wa vijiweni kana kwamba ni mbung'o. Hawaulizi kazi ipo wapi. Wanachouliza ni kwa nini mtu asiye na kazi anacheka.

Nitajibiwa kwamba msisitizo wa kazi ni urithi wetu wenyewe: TANU ilitupa "Uhuru na Kazi", na mwaka 2015 tukaimbiwa "Hapa Kazi Tu". Nakubali. Mimi ni mtoto wa mkulima na sijawahi kuidharau kazi. Ila lile neno dogo "tu" ndilo linalonishinda kumeza. Hapa Usukumani tunaoishi, jembe na ngoma havikutengana. Bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi, na vikundi vya kulima vilikwenda shambani na ngoma zao, kwa sababu wazee walijua mwili unaochekeshwa hulima zaidi. Anayetaka ushahidi aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Najua ngoma iliyopangwa si sawa na mdiria aliyetokea ghafla, na sitaki kuzichanganya. Nataka tu ijulikane kwamba fikra ya kazi iliyokaushwa furaha haikutoka kwa babu zetu. Lugha yetu yenyewe inasema "kazi na dawa".

Upande wa pili wapo wanaoipenda furaha yetu kupita kiasi, na hao wananichosha vilevile. Mgeni hushuka uwanja wa ndege, humwona mtoto wa Igogo akisukuma tairi kwa kijiti, kisha huwaandikia rafiki zake kwamba watu hawa hawana kitu lakini wana furaha. Baadhi yetu tumeipokea sifa hiyo kama medali. Ripoti ya Furaha Duniani ilipotuweka nafasi ya 153 kati ya nchi 155 mwaka 2017, na ya 153 tena kati ya nchi 156 mwaka 2018, wengi walisema wazungu hawajui kupima, Watanzania ni watu wa kucheka. Wachache walisoma swali lililoulizwa. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa maisha bora kabisa anayoweza kuyapata na cha chini maisha mabaya kabisa, kisha aseme yeye amesimama wapi. Hakuna anayeulizwa hapo kama jana alicheka. Mama wa sato angeweza kujibu "cha tatu" bila kusema uongo, saa ileile aliyomcheka mdiria. Ngazi inasema kweli kuhusu maji ya bomba, ada ya shule na foleni ya hospitali, na kicheko hakiikanushi. Anayekitumia kicheko cha maskini kuficha umaskini wake anamwibia mara mbili.

Watafiti wenyewe wanaijua tofauti hiyo. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha katika jarida la Science kazi iliyowahusu wanawake 909 wafanyakazi wa Texas. Waliwataka waikumbuke siku ya jana kipande kwa kipande, na kwa kila kipande waseme walijisikiaje. Vipande vilivyokuwa na watu wengine kwa mazungumzo vilikaa juu. Safari ya kwenda kazini ilikaa chini kabisa. Mtu wa daladala za Buzuruga hahitaji jarida kumweleza habari hiyo.

Kuna na kundi la tatu, wahamasishaji wanaotoza kiingilio ukumbini ili kutuambia kwamba furaha ni uamuzi wa mtu binafsi: amka saa kumi usiku, shukuru mara tatu, tabasamu kwenye kioo. Hao nawapita haraka. Nasema tu kwamba siku ile uchochoroni hakuna aliyeamua chochote. Ndege alikosa samaki, basi.

Lakini ili jambo dogo kama lile litokee, mambo kadhaa makubwa yalipaswa kuwa tayari, na hapa ndipo furaha inapokuwa suala la siasa. Palihitajika mahali pa kusimama bila kununua kitu. Palihitajika maji yanayoonekana kutoka barabarani. Palihitajika watu wa kazi tofauti wanaopita njia moja kwa miguu. Zaidi ya yote, palihitajika dakika nne. Mimi dakika zangu nne zililipiwa na mshahara. Ningemtazama mdiria hadi adhuhuri na mwisho wa mwezi nisikatwe hata senti. Yule mama alilipa kwa barafu. Ndiyo maana hakuona samaki akinaswa. Aliikosa sehemu tamu kabisa ya kisa, akaiomba apelekewe kwa sauti. Anayeniambia kwamba furaha ndogo hazina gharama, nitamwuliza barafu inauzwaje Kirumba.

Nisieleweke kwamba naililia polepole ya zamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 za maji tulizokuwa tukizivuka kwa kivuko, kwa saa nzima au zaidi ukijumlisha foleni, sasa zinavukwa kwa dakika chache. Nimewasikia wenzangu wa chuo wakikumbuka kwa huzuni mahindi ya kuchemsha, upepo na maongezi na wasiowajua pale kivukoni. Nami niliyapenda. Lakini sikuwahi kuwa kwenye foleni ile na mgonjwa akihemea kiti cha nyuma, na anayelisifu lile gati awaulize waliowahi. Kungoja kwa kulazimishwa hakuna uzuri wowote. Swali langu ni jingine: saa tulizookoa ni za nani? Dereva wa lori aliyeokoa saa moja amepata saa ya kupumzika, au ameongezewa safari ya pili kwa posho ileile?

Na mahali je? Ziwa letu lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Msomaji wa Mwanza afanye jaribio Jumamosi moja: atoke mjini kwa miguu akifuata ukingo, ahesabu ni mara ngapi anaweza kuyagusa maji bila kupita getini, bila kuagiza soda na bila kuulizwa na mlinzi anamtafuta nani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo ilitungwa kuyalinda maji na kingo, haikuwawazia watazama ndege, na haisemi kwamba mwananchi ana haki ya njia. Lakini ardhi isiyopaswa kujengwa ingetosha sana kuwa ardhi ya kukaa. Badala yake ukingo umekuwa mandhari ya waliotangulia kujenga ukuta. Hata lile jiwe letu maarufu, linalopigwa picha na kila mgeni, bado tunaliita kwa jina la Bismarck, kansela aliyeongoza mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 wa kuligawana bara ambalo hakuwahi kulikanyaga. Yeye amepata jiwe zima. Yule mama alipata upenyo wa mita mbili kati ya kuta.

Naandika "alipata" kwa makusudi. Wiki mbili baada ya kikao kile nilipita tena, nikaukuta uchochoro umezibwa kwa mabati mapya na mlango wenye kufuli. Mlinzi wa ghala alikuwepo. Nilimwuliza aliyeweka ni nani, akasema walikuja watu na gari, wakafanya kazi siku moja, hawakusema lolote. Akaniambia pia kwamba soda yake hajalipwa, na kwamba kijana wa bodaboda amehamisha kituo kwa kuwa pale hapana tena kivuli wala cha kutazama. Mama wa sato bado hupita, kwa upande wa pili wa barabara.

Nimeandika barua kwa ofisi inayohusika na ardhi ya mahali pale. Sikutaja ndege, maana nimejifunza. Nimeuliza maswali mawili: kipande kile ndani ya mita 60 kimetolewa kwa nani, kwa hati gani; na kama kimetolewa, njia ya waenda kwa miguu kwenda majini imehamishiwa wapi. Nimeomba jibu kwa maandishi. Wanafunzi wangu watatu wameomba kuweka saini zao chini ya yangu, na mtumishi mmoja wa serikali, ambaye simtaji, amenionyesha namna ya kuiandika ili isirudishwe mapokezi. Barua ina mhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya kumi na tisa.