Kabla ya kumlaumu mama wa mtoto: selimundu hutoka wapi?



Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, baada ya swala ya Isha, waliingia ofisini kwetu msikitini wazee wawili wakiwa na mwanamume wa rika langu. Walitaka kamati ishuhudie talaka. Nilipouliza sababu, mwanamume yule alinyamaza na mmoja wa wazee akamsemea. Mtoto wao wa pili, wa mwaka mmoja na nusu, huvimba viganja na nyayo, hulia usiku kucha, na macho yake hugeuka manjano. Alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa. Alipofika miezi saba ndipo mambo yakaharibika. Upande wa mume ukaona kwamba kwa wakwe “kuna mambo”, wakazunguka kwa waganga watatu. Hospitali walikwenda mwisho kabisa, na huko wakaambiwa mtoto ana selimundu, nao ni ugonjwa wa kurithi. Neno hilo la kurithi ndilo lililowarudisha kwa mama wa mtoto: basi ameuleta yeye.

Mimi si tabibu. Nilisoma chuo cha Kiislamu, na katika kamati kazi yangu ni kuandika mihtasari, kutunza daftari la ndoa na kukimbizana na bili ya maji. Hata hivyo niliwaomba wiki moja kabla ya kuandika lolote, nikaenda kukaa na daktari mmoja wa jamaa zetu, nikafungua tena vitabu vya biolojia nilivyoviacha kidato cha nne. Niliyoyakuta huko naona yanastahili kukaa katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa nyumba zetu nyingi zinayahitaji.

Tuanze na seli. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Seli nyekundu ya damu ina upana wa takriban sehemu saba za elfu za milimita moja. Umbo lake ni kama kitumbua kilichobonyezwa katikati pande zote mbili, na utando wake ni laini, hivyo hujikunja na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Inapokaribia kukomaa hufanya jambo lililonishangaza nikiwa mwanafunzi na linanishangaza hadi leo: hutupa nje kiini chake, ambacho ndicho chenye maandishi yote ya urithi, ipate nafasi ya kubeba mzigo. Huishi hivyo siku 120 hivi, kisha huvunjwa na nyingine kushika nafasi yake.

Mzigo wenyewe ni protini iitwayo himoglobini. Seli moja nyekundu hubeba takriban molekuli milioni 270 za himoglobini, na kila molekuli hupokea oksijeni kwenye mapafu na kuiachilia kwenye misuli, ubongo na viungo vingine.

Protini ni nini? Tuazime mfano wa uzi wa tasbihi. Protini ni uzi wa shanga zilizofuatana, na kila ushanga ni kitu kiitwacho asidi amino. Ziko aina 20 za shanga hizo, na mpangilio wake ndio unaoamua uzi utajikunjaje na utafanya kazi gani. Molekuli moja ya himoglobini ina nyuzi nne: mbili za aina ya alfa, zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za aina ya beta, zenye shanga 146.

Mwenye selimundu ana kasoro katika ushanga mmoja tu, ule wa sita kwenye uzi wa beta. Mahali palipopaswa kukaa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Nyingine zote 145 ni sawasawa na zangu na zako.

Agizo la kupanga shanga hizo limeandikwa katika vinasaba, yaani DNA, kwa herufi nne zinazosomwa tatu tatu. Panapotakiwa asidi ya glutamiki huandikwa GAG. Kwa mwenye selimundu pameandikwa GTG, na hiyo husomeka valini. Ni herufi moja iliyobadilika katika maandishi yenye herufi zaidi ya bilioni tatu.

Kwa nini ushanga mmoja ulete maumivu yote yale? Asidi ya glutamiki hupenda maji, na ndani ya seli hukaa ikielekea kwenye maji bila tatizo. Valini ina tabia ya mafuta, nayo huyakimbia maji na kutafuta pa kujibanza. Himoglobini yenye valini inapoachilia oksijeni, umbo lake hubadilika kidogo na valini ile hupata kishimo cha kuingia katika molekuli ya jirani. Jirani naye hushikana na mwingine, na huyo na mwingine, hata ikawa kamba ndefu ngumu ndani ya seli. Kamba hizo husukuma utando kutoka ndani, na kile kitumbua laini hugeuka kitu kigumu kilichopinda mithili ya mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana ya jina selimundu.

Mundu haupiti kwenye mshipa mwembamba. Seli hukwama, damu husimama, na kiungo kilicho mbele hukosa oksijeni. Yule mtoto analia usiku kwa sababu hiyo, na viganja vyake vinavimba kwa sababu hiyo. Mshipa ukiziba ubongoni huweza kuwa kiharusi, hata kwa mtoto mdogo. Wengu, kiungo kinachosaidia kuchuja vijidudu katika damu, huharibika mapema, na hapo homa ya siku moja yaweza kuwa hatari kubwa. Isitoshe, seli zenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20 tu mahali pa 120. Uboho hauwezi kuzifidia kwa kasi hiyo, kwa hiyo damu hupungua, na mabaki ya seli zilizovunjika ndiyo yanayoyapa macho ule umanjano.

Haya yote hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1910, mjini Chicago, daktari James Herrick alichapisha habari za seli zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti yenyewe kwa yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akaupata ule ushanga mmoja.

Sasa turudi kwenye ile miezi saba, kwani hapo ndipo ndoa nyingi huvunjikia. Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini ya watu wazima. Ana himoglobini yake ya uchanga, ambayo haina uzi wa beta. Ina uzi mwingine uitwao gama, usio na kasoro hiyo. Akizaliwa bado imejaa mwilini mwake na humkinga. Kisha hupungua mwezi baada ya mwezi, ile ya beta ikichukua nafasi, na mara nyingi baada ya miezi sita hivi dalili hujitokeza. Kwa hiyo kauli ya “alizaliwa mzima, akachezewa” ina nusu ya ukweli: kweli alionekana mzima. Lakini herufi ile ilikuwamo tangu siku mimba ilipotungwa.

Nani aliiweka? Kila mtu ana nakala mbili za agizo la uzi wa beta, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tuite nakala ya kawaida A, na iliyobadilika S. Mwenye AA hana kitu. Mwenye AS ana nakala moja moja. Himoglobini yake ya kawaida huizuia ile nyingine isijipange kamba, naye kwa kawaida huishi, hufanya kazi na kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Na ili mtoto awe SS ni lazima apokee S mbili, moja kwa mama na moja kwa baba.

Wiki ilipokwisha mume na mke wakapima. Wote wawili AS. Mwanamume yule aliikodolea macho karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Katibu, mbona mimi nabeba magunia tangu asubuhi na siumwi?” Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Hakurudia habari ya talaka.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS, mbili kati ya nne za AS na moja kati ya nne ya AA. Wengi hukosea hapa. Wakishapata mtoto mmoja mgonjwa hudhani watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni kura mpya, na kura mpya haiangalii iliyopita. Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hawatapata mtoto wa SS, ingawa nusu ya nafasi ni ya kupata AS.

Herufi hii imeenea kwetu kwa sababu maalumu. Mwaka 1954 Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watoto wa AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Penye malaria kwa vizazi vingi, wenye AS waliokoka zaidi na kurithisha S. Lakini asije mtu akasema mwenye selimundu haguswi na malaria. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS malaria humuua upesi, naye anahitaji chandarua kuliko mtu yeyote nyumbani.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, na Muhimbili wanaufuatilia ugonjwa huu kwa utafiti mkubwa tangu 2004, wakiongozwa na Profesa Julie Makani. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini kila siku hadi afike miaka mitano, chanjo, asidi ya foliki, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo huiamsha tena ile himoglobini ya uchanga. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya uboho kwa lengo hilohilo. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili, basi tuiache huko kwa sasa.

Katika daftari la ndoa nimeona jambo linalokera. Nikiuliza kama wamepima, bwana harusi hunionyesha kadi iliyoandikwa A chanya, akidhani amemaliza. Hilo ni kundi la damu, halihusiani na AA wala AS. Ombeni kipimo cha aina ya himoglobini. Tena kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kwamba S ipo, bila kutofautisha AS na SS, nacho hakitoshi. Aliyeongezewa damu hivi karibuni asubiri, maana anaweza kupata majibu ya damu ya mtu mwingine. Na baba akipimwa akaonekana AA ilhali mtoto ana selimundu, asifungue mdomo kumtuhumu mkewe. Zipo kasoro nyingine za uzi wa beta ambazo kipimo cha kawaida huweza kuzipita. Arudi kwa daktari.

Kamati haina mamlaka ya kumzuia mtu asioe, wala sisemi AS wawili ni haramu kuoana. Ninachokitaka ni wakati. Kipimo kifanyike kabla ya posa kujibiwa, si wiki ambayo turubai limekwisha kodiwa na mchele umenunuliwa, ambapo kurudi nyuma ni kumvunjia binti heshima mtaani. Wanaooana binamu kwa binamu wazingatie zaidi, kwani S ikiwamo katika ukoo, babu mmoja aweza kuwa ameigawa pande zote mbili. Majibu ni amana. Nimesikia binti akiitwa mgonjwa kwa sababu ya AS, ilhali wanaomsema hawajapima wao.

Mimi mwenyewe nilipima baada ya kadhia hii, nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Ni AS. Mke wangu ni AA, alhamdulillah, lakini tulipooana hatukujua.

Muuguzi wa kituo cha afya cha jirani amekubali kuja ukumbi wa madrasa Jumamosi ijayo baada ya Alasiri kujibu maswali. Akina baba nao waje. Mara iliyopita walikuja kina mama peke yao.