Kijana anayebeba chuma: tumkataze au tumwache?



Swali moja linarudi mara kwa mara katika mikutano yetu: mtoto wa kiume akianza kwenda kubeba chuma, mama afanye nini? Vijana hao tunawajua. Jioni wanakutana ndani ya parseli ya mmoja wao. Chuma chao ni bomba lililotiwa mikebe ya simenti huku na huku, na benchi lao ni mbao mbili zilizopigwa misumari. Mama anasikia kishindo, anaona kifua cha mtoto kinapanuka, na moyo wake unashtuka. Hofu hiyo ina sababu. Huku kwetu tumeona mara nyingi mno nguvu za vijana zikitumiwa kunyang'anya walio dhaifu.

Lakini kabla ya kukataza, tutazame kwanza mchezo wenyewe unavyochezwa kwa kanuni. Humo tutapata kipimo cha kutusaidia.

Mchezo wa kunyanyua vyuma kwa nguvu una mitindo mitatu. Wa kwanza, mtu anaweka chuma mabegani, anachuchumaa, kisha anasimama. Wa pili, analala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu kwa mikono. Wa tatu, anakiinua kutoka chini mpaka asimame wima. Shirikisho la dunia la mchezo huu liliundwa mwaka 1972, na mwaka 1980 wanawake wakapata mashindano yao ya kwanza ya dunia. Si mchezo wa wanaume peke yao.

Kila mshiriki ana majaribio matatu kwa kila mtindo. Waamuzi watatu wanamtazama, kila mmoja na taa yake: nyeupe ni kukubali, nyekundu ni kukataa. Wawili wakikubali, inatosha. Anayeomba uzito mdogo anaanza, na mwenye uzito mkubwa anangoja mwisho. Uzito wa kuanzia unautaja wewe mwenyewe, lakini ukishaujaribu hauruhusiwi kushuka. Ukishindwa, utarudia uleule au mkubwa zaidi. Na ukikosa mara zote tatu katika mtindo mmoja, huna jumla tena, hata kama katika mtindo uliotangulia uliwapita wote. Ndiyo maana wenye uzoefu wanaanza na uzito wanaoujua. Mwenye majivuno anaanza na uzito wa kushangaza watu, na mara nyingi anarudi nyumbani bila kitu. Chuma hakijali jina la mtu wala sifa zake za kartiye.

Hivyo ndivyo mchezo unavyofundisha unyenyekevu. Unafundisha na urafiki pia, kwa njia hii: mtu anapochuchumaa au kulala chini ya mzigo mkubwa, kando yake wanasimama watu wa kumlinda, tayari kushika chuma kikimshinda. Katika mashindano madogo ya watu wasiolipwa, mara nyingi walinzi hao ni washiriki wenyewe. Mtu amemaliza zamu yake, anavua mkanda, anakwenda kupakia uzito wa mpinzani wake na kumlinda. Anamlinda mtu ambaye baada ya dakika moja anaweza kumpita! Na mara nyingi makofi makubwa yanapigwa kwa mgeni anayetetemeka chini ya uzito ambao wengine waliuzoea zamani. Wenzake wanakumbuka kwamba wao pia walianzia hapo.

Wanawezaje kupendana hivyo, nao wanashindana? Ni kwa sababu kila mmoja anapambana na mzigo, hapambani na mtu. Kilo nilizonyanyua hazipunguzi kilo zako.

Hata huku Afrika ya Mashariki tuna mfano wa kuwaonyesha binti zetu. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya ananyanyua chuma katika mashindano ya watu wenye ulemavu, ambamo kila mtu analala kwenye benchi, miguu imenyooshwa juu yake. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kwenye michezo ya Paralimpiki. Mwaka 2022, huko Birmingham, Uingereza, alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akisimama wa tatu nyuma ya Waingereza wawili. Katika mashindano hayo pia, mwenye nguvu hawi peke yake: huku na huku ya chuma wanasimama walinzi. Kuwa na watu wa kukusaidia hakuondoi heshima ya medali.

Sisi wanawake wa hapa tunalijua jambo hili tangu utoto. Bidoni ya lita 20 ikijaa bombani ni zaidi ya kilo 20. Anayeibeba kichwani ni mmoja, lakini kuinyanyua mpaka kichwani anamwambia aliye karibu: nitwike. Hatuulizi kwanza kama ni rafiki au kama jana tuligombania foleni. Tunamtwika, naye anaondoka. Anayetwikwa haoni haya, na anayetwika hajivuni.

Basi, mama, kipimo ni hiki. Usitazame ukubwa wa kifua cha mtoto. Nenda siku moja ukaone mahali anapofanyia mazoezi, na utazame mambo matatu. La kwanza: nani anasimama karibu na mdogo anaponyanyua? Kijana akilala chini ya chuma peke yake, chuma kinaweza kumwangukia kifuani au shingoni na kumuua. Mahali ambapo hakuna mlinzi, mkataze bila kusita. La pili: mdogo akishindwa, wakubwa wanamcheka au wanampunguzia uzito? La tatu: wakitoka hapo, wanakwenda wapi? Wakiwa wanawasaidia mama kupandisha magunia ya muhogo, hiyo ni shule nzuri. Wakiwa wanasimama njiani kutisha wapita njia, mtoe mtoto wako siku hiyohiyo.

Tusiwaachie vijana peke yao fundisho hili. Sisi walimu tunaona darasani mtoto anayefunika daftari lake kwa mkono ili mwenzake asielewe hesabu. Ukimwuliza kwa nini, anasema nyumbani wanataka awe wa kwanza. Alama zikija, mama, usianze kwa kuuliza, «Mtoto wa jirani amepata ngapi?» Uliza, «Mara iliyopita ulipata ngapi, na sasa ngapi?» Halafu uliza, «Umemsaidia nani?» Anayemweleza mwenzake hesabu hapotezi hata pointi moja, na yeye mwenyewe anaielewa zaidi.

Na katika AVEC zetu ni vilevile. Mwenye hisa nyingi asimsemeshe mwenye hisa moja kama mtoto. Anayekopa kidogo leo anaanza na uzito anaouweza, na hiyo ni akili. Akichelewa kurudisha kwa sababu ya ugonjwa, tukae karibu naye kabla mzigo haujamwangukia, si baada.

Kazi ya juma hili: kila mama mwenye kijana anayebeba chuma aende kuona kwa macho yake. Kwenye mkutano ujao tuelezane tuliyoyaona.