KONA YA UFUNDI: Tairi linaloshikwa na gundi peke yake

Vijana wanaoziba pancha sokoni waliniuliza: yale matairi membamba ya baiskeli za mashindano yanashikwa na nini?

Baiskeli zetu za kubebea mkaa na wagonjwa (wengine tunasema kinga) zina tairi lenye waya pembeni. Waya unajibana kwenye ukingo wa ringi, na mpira uko ndani, unauchomoa tu. Lile la mashindano limeshonwa kwa uzi likazunguka mpira wote, na ringi yake haina ukingo wa kulibana. Linabandikwa juu kwa gundi, basi. Ni jepesi, na likipata pancha mtu anaweza kwenda nalo kidogo bila kuanguka. Zamani waendeshaji wa Ufaransa walivaa tairi la akiba mabegani, limepishana mgongoni.

Sasa kazi yenyewe. Tairi jipya linavalishwa kwanza bila gundi, linajazwa upepo na kulala hivyo siku nzima ili litanuke. Ringi inasafishwa mpaka grisi yote itoke. Kisha inapakwa gundi nyembamba kwa brashi, inaachwa ikauke mpaka kesho, halafu inapakwa tena. Chini ya tairi nako kunapakwa. Siku ya kubandika, fundi anapaka mara ya mwisho kwenye ringi, na kabla haijakauka kabisa anasimamisha gurudumu, anaingiza valvu kwenye tundu lake, analivuta tairi kwenda chini kwa mikono miwili mpaka lote liingie. Kipande cha mwisho ndicho kigumu, vidole vinauma kweli. Analinyoosha, anajaza upepo, na halipandwi mpaka kesho yake. Siku tatu nne kwa gurudumu moja! Kuna mafundi wetu wangesema huo ni uvivu.

Lakini sikilizeni. Tarehe 14 Julai 2003, kwenye Tour de France, Joseba Beloki wa Hispania alikuwa wa pili, sekunde 40 tu nyuma ya Lance Armstrong. Joto lilikuwa kali, lami imelainika. Wakiteremka kuelekea mji wa Gap alishika breki, gurudumu la nyuma likateleza, tairi likabanduka kwenye ringi. Alivunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Armstrong aliyemfuata akakatiza shambani asimgonge. (Ushindi wa huyo ulifutwa 2012 kwa sababu ya dawa, hiyo ni habari nyingine.) Beloki alirudi baadaye kushindana, ila nafasi kama ile hakuipata tena.

Sisi matairi hayo hatuna, na hata timu nyingi kubwa za Ulaya zimeyaacha miaka hii. Lakini solusheni tunayo. Nimeona kijana anapaka, anapuliza mara mbili kwa mdomo, anabandika kiraka, anapokea pesa. Nusu ya njia mpira umekwisha upepo, na nyuma amekaa mama mwenye uchungu anayepelekwa kujifungua.

Kwaruza kwa msasa, pangusa vumbi, usipaguse tena kwa kidole. Paka nyembamba. Halafu ngoja dakika tano hivi, mpaka isiwe majimaji tena. Hapo ndipo unabandika kiraka na kukibonyeza kwa nguvu, pembeni hasa. Mteja akikuharakisha, mpe kiti akae.

Na wazazi, jambo moja: solusheni inashika moto upesi, na harufu yake inapanda kichwani. Isifanyiwe kazi jikoni karibu na mkaa, wala isiachwe mikononi mwa watoto.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mnyororo na mafuta yake.