Theluji ya Meru, Maji ya Kipini

Wazungu huchukua aila zao milimani wakateleze juu ya theluji. Kwetu, atokaye Pwani akashika njia ya Embu kwenda Meru, akapandia Chogoria hadi Ziwa Ellis, huiona theluji kwa mbali tu, nayo yapungua. Barafu ya Gregory ilionekana imekwisha mwaka 2011. Na mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa iliyosalia Mlima Kenya itatoweka ifikapo 2050.

Lakini weupe usitughuri. Mto Tana, unaojaza bwawa la Masinga kisha ukaingia baharini Kipini, walishwa zaidi na mvua na msitu wa milimani. Barafu hatuna la kuizuia, shoka twaweza. Mwenye kuwapeleka wanawe kutazama theluji, basi na awaonyeshe miti.