Klima si starehe, na fuzibu si ya kuchezea

Ndugu mufanyakazi, wewe unayeendesha kamyo ao motokari ndogo katika karieri za Kolwezi, Kambove ao Fungurume, unajua mwezi wa kumi ulivyo. Mvua bado, jua ni kali, vumbi ya njia inasimama juu kama moshi. Siku klima ya motokari yako inapokufa, unafanya nini? Unashusha kioo. Hapo ndipo shida yenyewe inaanza. Vumbi ya mawe ina silisi ndani yake, na mutu akivuta silisi miaka na miaka, mapafu yanaharibika, wala hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Kabini iliyofungwa, yenye baridi, ni kinga sawasawa na kofia na viatu vya chuma. Kwa hiyo sikubaliani na mukubwa wa kazi anayesema klima ni starehe ya watu wa bilo, na inaweza kungoja.

Lakini neno langu zaidi ni kwako, fundi wa garaji. Mara nyingi shofere anasema tu "klima haitoi baridi", na karatasi ya kazi inaandikwa maneno mawili: tia gesi. Nani alipima? Hakuna. Gesi inatiwa, baridi hairudi, basi watu wanaanza kucheza na waya. Mimi nasema: kabla ya chupa ya gesi kuguswa, taa ya kupimia na voltimeta zifanye kazi yake.

Anza na kuangalia tu. Je, vantilateri inapuliza? Kama inapuliza kwenye nafasi ya mwisho peke yake, na nafasi za chini zimekufa, hiyo si gesi wala kompresa. Mara nyingi ni rezistansi ya vantilateri iliyoungua. Kama inapuliza hewa ya moto, fungua boneti, mwenzako awashe klima, nawe utazame kompresa toka mbali na mukanda. Sahani ya mbele inashikana na puli, inazunguka pamoja nayo? Ikizunguka, umeme umefika. Ndipo uende kwa gesi. Isipozunguka, tafuta umeme.

Tazama fuzibu, kisha rele. Rele unaweza kuijaribu kwa kuibadilisha na nyingine ya namna moja. Fuzibu iliyoungua, tia mupya ya ampere zile zile, mara moja tu. Ikiungua tena, acha. Kuna kitu kinachogusa masi: waya iliyochubuka kwenye chuma, bobini ya kompresa iliyoungua ndani, ao vantilateri iliyokwama. Na hapa ndipo naona mambo ya kutisha. Mutu anafungia fuzibu karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwingine anatia kipande cha waya ya shaba (shaba haikosi huku kwetu). Mwingine anatoa fuzibu ya bulu, ya ampere 15, anaweka ya kijani, ya ampere 30, na shofere anafurahi kwa sababu baridi imerudi. Lakini waya ndani ya kabini haikubadilika. Iliwekwa kwa kubeba ampere 15. Sasa itaungua yenyewe, pale chini ya dashibodi, karibu na miguu ya watu, na kamyo imejaa mafuta.

Jambo lingine ni swichi ya presha. Gesi ikipungua sana, karibu bari 2 kwenda chini, swichi inakata umeme wa kompresa. Fundi anapima, anaona swichi imefungua, anaiunganisha kwa waya na kuiacha vile. Lakini mafuta ya kompresa yanatembea pamoja na gesi. Bila gesi, kompresa inazunguka kavu na kujisaga. Swichi haikuharibika, ilikuambia kuna mahali panapovuja.

Kosa gumu kuliko yote ni lile la joto. Shofere anasema: asubuhi baridi ni nzuri, saa sita inakataa, jioni inarudi. Fundi anaipokea kesho yake saa moja asubuhi, anawasha, inafanya vizuri, anaandika "hakuna kosa". Tafazali, usimwite shofere muongo. Shaba ikipata joto, inazuia umeme zaidi. Bobini ya volti 12 iliyo nzima hupima kati ya ohmu 3 na 5 hivi. Ikitoka digri 20 na kufika 100, hesabu hiyo inapanda karibu theluthi moja. Nguvu ya kuvuta sahani inapungua. Kama sahani imelika na nafasi yake na puli imekuwa kubwa, haivutwi tena. Basi pima klima ikiwa na joto na ikiwashwa. Voltimeta ikionyesha volti 13,8 kwenye batri na 11 tu kwenye bobini, kuna kutu katika kiungo ao masi mbaya. Taa ya kupimia itawaka tu na kukudanganya. Kama volti zimefika zote, zima injini upime nafasi ya sahani kwa kale. Kwa kompresa nyingi ni nusu milimeta hivi ao chini yake. Wengine wanaigonga sahani kwa fimbo injini ikizunguka. Mukanda hauchagui kati ya fimbo na mukono.

Toa pete na saa. Volti 12 haikurushi, lakini pete ikigusa plasi na masi inawaka nyekundu juu ya kidole. Kabla ya kubadilisha waya, fungua kwanza masi ya batri. Usichome taa ya kupimia katika waya zenye ganda ya njano chini ya usukani, ni za mifuko ya hewa. Vantilateri ya mbele inaweza kuanza yenyewe. Na usifungue bomba ya gesi: ile ya R134a inachemka kwenye digri 26 chini ya sifuri, inagandisha jicho.

Nawe shofere, usiandike "klima mbaya" peke yake. Andika saa iliyokufa, kama vantilateri ilipuliza, kama ulikuwa umesimama ao unatembea, kama ulisikia harufu ya kuungua. Na ukisikia harufu hiyo, zima klima palepale, simama, zima injini, ushuke na kizima-moto mukononi. Kapita akikuuliza kwa nini umesimamisha kamyo, muonyeshe mahali harufu inapotoka.